Yamekwisha kwa Nani?

Kuna neno ambalo washarika wengi wamelisikia likitoka kwenye vikao vya usiku: "yamekwisha." Mtoto amenajisiwa na mtu anayefahamika. Familia mbili zimekaa, wazee wameitwa, kikao kimefunguliwa kwa sala na kimefungwa kwa sala. Fedha zimetolewa, au mbuzi, au ahadi ya kulipa ada ya shule. Mhusika ameomba radhi. Baba wa mtoto ametia sahihi karatasi mbele ya mashahidi, na kila mtu ametoka akisema yamekwisha.

Sisi tunauliza: yamekwisha kwa nani? Mtoto hakuwamo kikaoni. Yeye bado anashtuka usingizini. Bado anapita mbele ya nyumba ileile akienda shuleni, na aliyemtenda anamsalimia.

Sisi tunaoandika haya tunalea watoto wa Shule ya Jumapili, na hoja yetu ni moja. Kikao cha namna hiyo si upatanisho wa Kikristo. Ni biashara, na mali inayouzwa ni mtoto. Kanisa likikubali kukifungua kwa sala, limegeuka dalali.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya nadra na tunayakuza. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Chukua darasa la Shule ya Jumapili lenye wasichana 30 na wavulana 30. Kwa kipimo hicho, wasichana 9 na wavulana 4 wa darasa hilo watakuwa wamepitia jambo hili kabla hawajawa watu wazima. Nao kwa kawaida hawatendewi na jini wala mgeni wa usiku. Wengi hutendewa na watu wanaowajua: jirani, mjomba, mwalimu, kijana wa nyumbani, mtu wa kanisani. Wahenga walishatuambia: kikulacho ki nguoni mwako.

Wanaotetea kumalizana nyumbani si watu wabaya wote. Wana hoja zao, na baadhi wanazitoa katika Maandiko. Basi tuzijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya msamaha

Ya kwanza hutoka Mathayo 18. Ndugu yako akikukosea, mwendee, mzungumze, yaishe kwenu. Tunaambiwa kupeleka jambo polisi ni kuruka hatua ambazo Bwana mwenyewe aliziweka.

Tunaomba sura hiyo isomwe kuanzia juu. Haianzi na ndugu wawili wenye ugomvi. Inaanza na mtoto mdogo ambaye Yesu alimwita na kumsimamisha katikati ya watu wazima waliokuwa wakibishana juu ya ukubwa. Kabla ya kufika kwenye mashauri ya ndugu kwa ndugu, Bwana ameshasema habari ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari kwa yeyote anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Amesema pia habari ya mchungaji anayewaacha kondoo 99 kwenda kumtafuta mmoja. Msomaji anayeruka yote hayo ili afike kwenye mstari unaomfaa mkosaji ameruka mtoto.

Tena msamaha ni wa aliyekosewa. Baba anaweza kusamehe deni lake mwenyewe, lakini hawezi kusamehe kwa niaba ya mwili wa binti yake, hasa baada ya kuhesabiwa fedha mkononi. Mchungaji hawezi. Baraza la wazee haliwezi. Na hata pale msamaha wa kweli unapokuwapo, haufuti hukumu. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu alipewa ahadi ya peponi siku ileile, lakini hakushushwa msalabani. Mwenyewe alikiri kwamba adhabu yake ilikuwa ya haki. Mtu aliyembaka mtoto akitubu kweli, mahali pa kuonyesha toba yake ni kizimbani, akisema "ni kweli, nilitenda," ili mtoto asilazimike kusimulia tena na tena. Zakayo alipookoka alirudisha mara nne, na hakuna mahali tunaposoma kwamba aliomba mambo yake yafichwe.

Hoja ya mashahidi wawili

Ya pili hutoka katika Torati: neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Mtoto yuko peke yake, wanasema, na watoto hutunga mambo.

Hapa ni aibu kuona mahakama ya dunia ina masikio makubwa kuliko baraza la kanisa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inairuhusu mahakama katika makosa ya kujamiiana kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi imeridhika kwamba mtoto anasema kweli. Mtoto mdogo halazimiki hata kula kiapo. Anaahidi tu kusema kweli na kutosema uongo. Watunga sheria walielewa jambo ambalo mbakaji analielewa vizuri zaidi: ukatili huu huchagua mahali pasipo na shahidi.

Torati nayo ililielewa. Kumbukumbu la Torati 22 inazungumzia msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani, mahali ambapo hata akipiga kelele hakuna wa kumsikia. Yeye hadaiwi shahidi wala hawekewi hatia yoyote. Aliyemtenda analinganishwa na muuaji.

Tunajua pia kwamba katika sura hiyohiyo kuna mistari ambayo wazee wengine huichomoa kusema, "basi amuoe." Wanaofanya hivyo wangetuonyesha kwanza kwamba wanaishika sura nzima, maana inakataza pia kuvaa nguo iliyofumwa kwa sufu na kitani pamoja, na hatujaona suti zikikaguliwa mlangoni siku ya Jumapili. Kumwoza mtoto kwa mtu aliyembaka ni kumpa mbakaji kibali cha kila usiku. Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa, alishinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Kanisa halipaswi kubaki nyuma ya majaji katika jambo la kumlinda binti.

Hoja ya jina na ya mkate

Ya tatu haitoki katika Maandiko, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Jina la familia litachafuka. Jina la usharika litachafuka. Na mtuhumiwa ndiye anayelisha nyumba. Akifungwa, watoto watakula nini?

Kuhusu jina, tuisome 2 Samweli 13. Tamari alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Absalomu alimwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi alisikia, akakasirika sana, na hatusomi kwamba alichukua hatua yoyote. Tamari akabaki katika nyumba ya kaka yake, maisha yake yameharibika. Nyumba ile ilifunika kombe ili mwanaharamu apite. Je, jina la Daudi lilihifadhiwa? Baada ya miaka miwili Amnoni aliuawa, kisha likafuata uasi uliomkimbiza mfalme Yerusalemu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kuhusu mkate, hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu njaa si jambo la mzaha. Mama asiye na kipato anayeambiwa "mpeleke mumeo polisi" anaambiwa pia, bila kutamkiwa, "na kuanzia kesho jitegemee." Lakini tuone hoja hii inamtaka mtoto afanye nini. Inamtaka alipie chakula cha nyumba nzima kwa mwili wake. Nabii Yoeli alilia juu ya watu waliouza msichana kwa divai ili wanywe. Tofauti ya msichana anayeuzwa kwa divai na msichana anayetolewa kwa unga iko wapi? Kama tatizo ni unga, usharika ununue unga. Usharika unaoweza kuchangia viti vipya, vipaza sauti na mnara wa kengele hauwezi kusema umeshindwa kulisha nyumba moja mpaka mama apate pa kuanzia.

Zaidi ya hayo, kesi ya kubaka si mali ya familia. Ni jinai, na mlalamikaji ni Jamhuri. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, awe alikubali au hakukubali, na adhabu yake haipungui miaka 30. Akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali ya mtaa. Mzee wa kanisa anayepokea taarifa na kukaa nayo, sheria haimwiti mpatanishi.

Binti wa kazi na biashara iliyo nyumbani

Mpaka hapa tumesema habari ya mtoto aliye kwao. Yuko mwingine asiye na kwao mjini, naye ndiye hukamilisha safari ya kuuzwa.

Tukisikia maneno "usafirishaji haramu wa binadamu" tunafikiria meli, pasipoti bandia na watu wa mbali. Biashara ya watoto katika nchi yetu mara nyingi husafiri kwa basi la mkoani, tena mchana kweupe. Mtu wa nyumbani anakwenda kijijini wakati wa sikukuu. Anawaambia wazazi kwamba binti yao atasaidia kazi ndogondogo mjini, naye atapelekwa kujifunza cherehani. Nauli inalipwa, wazazi wanashukuru. Akifika, cherehani haipo. Anaamka alfajiri, analala wa mwisho, kwenye mkeka jikoni au sebuleni, mahali pasipo na mlango wa kufunga. Mshahara unakwenda kwa shangazi aliyemleta. Usiku baba mwenye nyumba anapita, au mtoto wake wa kiume. Siku mimba ikionekana, mama mwenye nyumba anamfukuza yeye, si mumewe. Anajikuta stendi na mfuko wa rambo. Hapo anakutana na mama mwenye sauti ya upole anayemwambia kuna kazi ya baa, na pa kulala papo. Chumba anachopewa kina mlango, lakini ufunguo si wake. Deni la chakula na malazi linaanza kuhesabiwa usiku huohuo, na linalipwa kwa wanaume.

Katika safari hiyo yote ni nani aliyemuuza? Shangazi atasema alimsaidia. Mwenye nyumba atasema alimlisha. Mama wa baa atasema alimwokota. Kila mmoja alimsukuma hatua moja, akanawa mikono. Yusufu naye hakutekwa na wageni. Ndugu zake ndio waliompandisha bei, wakarudi nyumbani na kumliwaza baba yao. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 imelikata jambo hili vizuri: anapokuwa mtoto, hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alilazimishwa au alidanganywa. Kumchukua na kumsafirisha ili atumiwe kunatosha. Tanzania ina sheria yake ya kuzuia biashara hii tangu 2008. Kusema "alikuja kwa hiari yake" si utetezi.

Wala tusijidanganye kwamba wanunuzi ni watalii tu. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa 2006 kuhusu ngono na watoto katika pwani ya nchi hiyo ulikuta kwamba zaidi ya theluthi ya wateja walikuwa Wakenya wenyewe. Mgeni ni rahisi kumlaani, kwa sababu hatukai naye benchi moja.

Basi tunamwambia kila msharika mwenye binti wa kazi nyumbani: umri wake unaujua? Sheria ya Mtoto haimruhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Mshahara wake anaushika kwa mkono wake? Analala mahali penye mlango unaofungwa kwa ndani? Anaweza kumpigia mama yake simu bila wewe kusimama pembeni? Jumapili anakuja ibadani, au anabaki kupika ili wewe ukitoka kanisani ukute chakula mezani? Maswali haya hayahitaji semina. Yanajibiwa leo jioni.

Talitha kumi

Tuseme mtoto ameokolewa. Mlango umevunjwa, polisi wamefika, mtoto yuko nje. Hapa ndipo wengi hupiga picha, hutoa ushuhuda, kisha huondoka. Tunakataa na hilo pia.

Katika Matendo 16, Paulo alimfungua kijakazi wa Filipi ambaye mabwana zake walikuwa wakijipatia faida nyingi kwake. Mabwana walipoona faida imepotea, wakawakamata Paulo na Sila. Tunajua sana habari za gereza lile, za nyimbo na za tetemeko. Kuhusu yule msichana alilala wapi usiku ule, Kitabu kimenyamaza, na hilo ndilo swali tulilokabidhiwa sisi. Msichana asiye na faida tena kwa bwana wake, atakula kwa nani?

Jibu tunalipata kwa Bwana mwenyewe katika nyumba ya Yairo, Marko 5. Kwanza aliwatoa nje waliokuwa wakipiga kelele na kumcheka. Pili aliingia na wachache tu, wazazi na wanafunzi watatu. Tatu alimshika msichana mkono na kumsemesha kwa lugha ya nyumbani. Nne aliagiza habari ile isitangazwe. Na mwisho, katikati ya muujiza ule mkubwa, alikumbuka kwamba mtoto ana njaa, akaagiza apewe chakula. Si ajabu kwamba masista wa Kikatoliki walioanzisha mtandao wa kupinga biashara ya binadamu mwaka 2009 waliuita Talitha Kum.

Mambo hayo matano yanatosha kuwa mwongozo wa usharika. Wanaocheka na kuulizana "alivaa nini" watolewe nje. Wanaojua jina la mtoto wawe wachache, na habari yake isionekane kwenye kundi la WhatsApp la kwaya hata kwa kisingizio cha maombi. Asisimamishwe madhabahuni kushuhudia. Ushuhuda wake ni wa daktari, wa polisi na wa hakimu. Usharika hauna deni la kulipwa kwa machozi yake. Akikojoa kitandani, akiwa na hasira, akikaa kimya wiki nzima, tusikimbilie kusema ana pepo. Mwili wake unakumbuka. Aombewe, ndiyo, kwa upole na bila kushikwa kwa nguvu, na pia apelekwe kwa mtaalamu wa ushauri nasaha.

Na apewe chakula, kwa maana yake yote. Siku ya kwanza ni hospitali, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazingoji kikao cha wazee. Asiogeshwe kwanza, wala nguo zake zisifuliwe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kuna namba 116 ya kupiga bure. Miezi inayofuata ni nauli. Kesi nyingi hufa kwa sababu tu imeahirishwa mara ya nne, na mama hana nauli ya mara ya tano. Miaka inayofuata ni shule. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani. Usharika ujiulize ni nani atakayemlea mtoto mchanga wakati mama yake mdogo akiwa kwenye hesabu na sayansi. Na wakati wote huo ni nyumba. Mtoto asiyeweza kurudi kwao hahitaji bweni lenye vitanda hamsini kama familia moja iliyothibitishwa na ustawi wa jamii inaweza kumpokea.

Tunachodai

Hatuandiki ili wasomaji wasikitike. Tunadai mambo manne, nayo yaingie kwenye muhtasari wa kikao kijacho cha baraza la wazee la kila usharika.

Kwanza, iandikwe wazi kwamba hakuna mchungaji, mwinjilisti wala mzee wa kanisa atakayekaa kikao cha kumaliza shauri la mtoto aliyenajisiwa. Kazi yake ni kumsindikiza mtoto kwenye vyombo vya sheria siku hiyohiyo.

Pili, mtumishi yeyote wa kanisa anayetuhumiwa asimame kando ya kazi zote za watoto mpaka shauri liishe. Asihamishiwe usharika mwingine. Kumhamisha ni kumpelekea watoto wapya.

Tatu, uwepo mfuko mdogo wa nauli, matibabu na unga kwa ajili ya nyumba zinazopitia jambo hili, wenye watunzaji wawili wanaojua kutunza siri.

Nne, ziandaliwe familia mbili au tatu zilizokubali na kuthibitishwa kupokea mtoto hata usiku wa manane, ili siku ya tukio tusianze kutafutana.

Atakayeona madai haya ni makali, alinganishe na jiwe la kusagia. Yesu alipotaka kuwafundisha wakubwa, alimweka mtoto katikati. Hakumweka nje ya mlango kusubiri wazee wamalize kuzungumza.